Olraunda wa kriketi na hesabu ya mipira

Ukitaka kujua olraunda, yaani mchezaji wa kriketi anayepiga kwa gongo na pia kurusha mpira, atadumu miaka mingapi kileleni, usianze na mikimbio aliyopata wala wiketi zake, yaani wapigaji aliowatoa. Chukua idadi ya mipira aliyorusha, igawe kwa mechi alizocheza. Jacques Kallis wa Afrika Kusini alicheza mechi 166 za Testi, zile za siku tano kati ya mataifa, na kurusha mipira zaidi ya 20,000. Hiyo ni kama ova 20 (ova moja ni mipira sita) kwa mechi, awamu zote mbili, yaani zamu za wapinzani kupiga, zikijumlishwa. Ian Botham wa Uingereza alirusha mipira zaidi ya 21,800 ndani ya mechi 102 tu, yaani karibu ova 36 kwa mechi. Botham alifikisha mikimbio 1,000 na wiketi 100 katika mechi zake 21 za kwanza. Lakini mwaka 1988 alifanyiwa upasuaji wa mgongo, na aliporudi hakuwa tena yule mrushaji aliyetisha. Kallis aliendelea hadi mwisho wa 2013 na kuondoka na mikimbio 13,289, wiketi 292 na midako 200.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema: rusha kidogo, udumu. Ila Kapil Dev wa India anakataa hesabu hiyo. Mechi 131 za Testi, ova kama 35 kila mechi, karibu sawa na Botham, na hakukosa hata mechi moja ya Testi kwa sababu ya jeraha. Garfield Sobers wa West Indies alirusha karibu ova 39 kwa mechi na akacheza kuanzia 1954 hadi 1974. Kwa hiyo kuna zaidi ya idadi. Kuna jinsi mwili unavyotua wakati wa kurusha, na kuna jinsi mipira hiyo inavyosambazwa ndani ya wiki na ndani ya mwaka. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua kazi ya olraunda, na ndiyo wachezaji wengi chipukizi hawayapi uzito mpaka mgongo uwakumbushe.

Kwanza, nani hasa ni olraunda? Kipimo cha zamani ni wastani: wastani wa kupiga (mikimbio kwa kila mara anapotolewa) uwe mkubwa kuliko wastani wa kurusha (mikimbio anayofungwa kwa kila wiketi). Sobers alikuwa na 57.78 kwa gongo na 34.03 kwa mpira. Imran Khan wa Pakistan alikuwa na 37.69 na 22.81. Andrew Flintoff wa Uingereza alimaliza na 31.77 kwa 32.78, chini kidogo ya mstari, na bado hakuna nahodha wa enzi zake ambaye asingemtaka kikosini. Kipimo hicho basi ni dira tu. Orodha ya viwango ya ICC, baraza la kriketi la kimataifa, hutumia njia nyingine: pointi za kupiga huzidishwa kwa pointi za kurusha, kisha hugawanywa kwa 1,000. Mwenye 600 na 600 anapata 360. Mwenye 900 kwa kupiga na 300 kwa kurusha anapata 270, ingawa ukijumlisha wote wana 1,200. Fomula inampendelea aliyesawazika.

Timu zenyewe huchagua kwa njia tofauti na fomula, na hapa ndipo wengi hupotea. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na katika kriketi msemo huo unafanya kazi kila msimu. Olraunda anayedumu huingia kikosini kwa mguu mmoja ulio imara, kisha mguu wa pili unakua taratibu. Sobers alianza Testi akiwa na miaka 17 kama mrushaji wa spini (mpira wa polepole unaozungushwa) anayepiga namba 9 kati ya wapigaji 11. Miaka minne baadaye alipiga mikimbio 365 bila kutolewa dhidi ya Pakistan mjini Kingston. Ellyse Perry aliingia timu ya Australia akiwa na miaka 16 kama mrushaji wa kasi, na mwaka 2017 akapiga 213 bila kutolewa kwenye Testi dhidi ya Uingereza. Mchezaji anayepiga vizuri kiasi na kurusha vizuri kiasi, bila upande mmoja unaotosha kumweka kikosini peke yake, huwa wa kwanza kuachwa pichi (ukanda wa katikati ya uwanja unaorushiwa mpira) inapohitaji mrushaji wa tano wa kweli au mpigaji wa sita wa kweli. Ushauri wangu kwa kocha wa kijana wa miaka 16: amua mguu wa kwanza ni upi, uandike, na kila mwaka uangalie kama bado ni huo huo.

Sasa mgongo. Mrushaji wa kasi anapotua na mguu wa mbele kwenye mstari, ardhi inamrudishia nguvu inayozidi mara tano ya uzito wake. Mwenye kilo 80 anabeba kilo 400 na zaidi kwa sehemu ndogo ya sekunde, huku goti limenyooka na kiwiliwili kimeinama ubavuni. Mpira wenyewe hauzidi gramu 163, kwa hiyo si mpira unaoumiza. Kinachoumiza ni kule kutua. Hatari inakuwa kubwa pale nyonga zinapomtazama mpigaji huku mabega yamegeukia pembeni. Mgongo unajipinda kama nguo inayokamuliwa, na unakamuliwa hivyo kila mpira. Namna salama ni nyonga na mabega kuelekea upande mmoja, ama vyote pembeni, ama vyote mbele. Upige video mtupo wako kutoka nyuma na kutoka ubavuni, kisha usimamishe picha pale mguu wa nyuma unapogusa ardhi, na tena pale mguu wa mbele unapogusa. Kama kati ya picha hizo mbili mabega yamezunguka kurudi nyuma huku nyonga zimebaki pale pale, hapo pana kazi ya kufanya kabla ya kuongeza kasi hata kidogo.

Ufa hutokea mara nyingi kwenye pingili ya nne au ya tano ya kiuno, katika kijidaraja chembamba cha mfupa kilicho nyuma ya pingili. Kwa kawaida huwa upande ulio kinyume na mkono wa kurushia: anayerusha kwa kulia hupasuka kushoto. Dalili zake zinadanganya. Maumivu ni ya upande mmoja, chini, karibu na kiuno. Yanazidi ukisimama kwa mguu mmoja na kujinyoosha kinyumenyume. Ukipumzika siku mbili yanatulia, unarudi kurusha, yanarudi kwa nguvu zaidi. Wengi huyaita uchovu wa misuli na kupaka dawa ya kuchua. Ukisubiri, kipimo cha MRI ambacho kingeonyesha mfupa uliovimba tu kitakuja kuonyesha mfupa uliopasuka, na tofauti ya hayo mawili ni wiki chache dhidi ya miezi mingi nje.

Kosa kubwa linafuata baada ya hapo. Maumivu huisha mapema kuliko mfupa unavyopona. Olraunda yuko kwenye kishawishi kikubwa kuliko mrushaji wa kawaida, kwa sababu anaruhusiwa kupiga mapema, anarudi uwanjani, anajisikia mzima, na nahodha anamwomba ova mbili. Hizo ova mbili zimewarudisha wengi mwanzo. Cameron Green wa Australia alipasuka mgongo mara kadhaa tangu ujana wake, akafanyiwa upasuaji 2024, na aliporudi kwenye fainali ya ubingwa wa Testi pale Lord's Juni 2025 alicheza kama mpigaji namba 3 bila kurusha. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Gongo likae kikosini, mpira usubiri.

Kurudi kurusha baada ya ufa kunataka subira na daftari. Mpango wa busara unaanza na mipira 24 mara tatu kwa wiki, kwa nguvu ya kama asilimia 70, siku moja ya mapumziko kati ya kila zoezi. Wiki inayofuata ongeza kidogo, moja ya sita hivi. Usiongeze idadi na kasi katika wiki moja. Ongeza kimoja, subiri, kisha kingine. Siku mbili mfululizo za kurusha zisije kabla ya wiki ya nane. Mkupuo (kipindi kimoja cha kurusha) wa ova 6 kwa kasi kamili, ukapumzika saa mbili, ukarudi na mkupuo mwingine, ndio mtihani wa mwisho kabla ya mechi ya siku nyingi, maana mechi ndivyo itakavyodai.

Na hesabu kila mpira. Mipira ya neti (sehemu ya mazoezi iliyozungushiwa nyavu), mipira ya kupasha mwili asubuhi ya mechi (ambayo kwa kawaida huwa 12 hadi 18), mipira ya kumsaidia mwenzako anayetaka kuzoea mkono wa kushoto. Mrushaji wa kawaida anakuja neti kurusha, anamaliza, anaondoka. Olraunda anamaliza kupiga, bado amevaa pedi, mtu anamwambia, "Kaka, nirushie kidogo tu." Vidogo hivyo vikiandikwa kwa wiki nzima hufika ova 6 au 7 ambazo hazimo kwenye mpango wa kocha yeyote.

Kwa vijana ni lazima zaidi, kwa kuwa mifupa ya kiuno bado inakomaa hadi umri wa miaka ya ishirini na kitu. Miongozo iliyotumika Uingereza kwa miaka mingi iliweka kikomo cha ova 5 kwa mkupuo na 10 kwa siku kwa walio chini ya miaka 13, na ova 6 kwa 12 kwa walio chini ya 15. Kijana olraunda ndiye mwenye hatari kubwa, kwa sababu ndiye mchezaji bora wa shule, wa klabu na wa mkoa kwa wakati mmoja, na kila timu ina kocha wake anayehesabu ova zake tu.

Turudi kwenye kusambaza. Kalenda ya leo ina ugonjwa wake. Mchezaji yuko kwenye ligi ya ova 20. Anarusha ova zake 4, mechi tatu kwa wiki, mipira 72. Ligi inakwisha, wiki mbili baadaye anaingia Testi na kurusha ova 40 katika siku tano, mipira 240. Mzigo umeruka zaidi ya mara tatu. Watafiti wa Australia waliofuatilia warushaji wa kasi waliona kuwa anayezidisha ova katika mechi moja hubaki kwenye hatari kubwa ya kuumia kwa wiki tatu hivi baadaye. Ndiyo maana wengi huvunjika kwenye mechi nyepesi isiyo na maana na kila mtu anashangaa. Chanzo kilikuwa mechi ya mwezi uliopita. Dawa ni kuendelea kurusha kwa ziada neti wakati wa ligi ya ova 20, ova 8 hadi 10 kwa mkupuo mara moja kwa wiki, ili mwili usisahau. Kocha wa ligi hatapenda. Mwambie mapema, kabla ya kusaini.

Warushaji wa spini huvumilia zaidi mgongoni, lakini wao wana vidole. Moeen Ali wa Uingereza alirudishwa kwenye Testi mwaka 2023 dhidi ya Australia baada ya muda mrefu wa mechi fupi, akarusha ova nyingi pale Edgbaston na ngozi ya kidole chake cha shahada ikachanika. Ngozi inayozoea ova 4 haina sugu ya kubeba ova 30 za mpira mwekundu wenye mshono mkali. Sugu hujengwa kwa wiki, kama ya mwanamuziki wa gitaa, na mechi ikianza huruhusiwi kuvaa plasta kwenye kidole cha kurushia bila idhini ya waamuzi.

Sasa upande wa gongo, ambao una ufundi wake mahsusi kwa olraunda. Kati ya awamu na awamu kuna dakika 10. Aliyetoka kurusha ova 20 hana muda wa kupumua sembuse kufungua upigaji, na ndiyo sababu wengi wao hukaa namba 6 au 7. Shane Watson alifungua kwa Australia kuanzia 2009 na alifanya vizuri, lakini alirusha kidogo. Ukiwa namba 6 unaingia katika hali mbili zisizofanana kabisa: timu ina mikimbio 60 kwa wiketi 4, au ina 400 kwa wiketi 4. Na mara nyingi unakutana na mpira mpya wa pili, unaopatikana baada ya ova 80, wakati miguu yako bado ina uchovu wa jana. Kwa hiyo siku za neti za kurusha, rusha kwanza, kisha piga ukiwa umechoka. Siku za kurekebisha ufundi wa gongo, piga asubuhi na usirushe kabisa. Kuchanganya zote mbili kila siku kwa nusu nusu ni njia ya uhakika ya kubaki pale ulipo.

Kazi inayotenganisha olraunda mzuri na wa kawaida ni kupiga na wapigaji wa mkiani, wale wa mwisho wasio hodari wa gongo. Hebu tuitazame ova moja kwa karibu. Wewe ndiye unayepokea, na upande wa pili yupo namba 11. Mipira mitatu ya kwanza nahodha mpinzani anatawanya walinzi hadi ukingoni: anakupa mkimbio mmoja wa bure, ambao huwabadilisha upande, ili ampate mwenzako. Ukatae. Tafuta mikimbio miwili au minne, ukikosa acha mpira upite. Mpira wa nne ukichukua mmoja, mwenzako ana mipira miwili ya kujilinda. Hilo linakubalika dhidi ya spini au mrushaji aliyechoka, si dhidi ya mpira mpya. Kuanzia wa tano walinzi wanasogea karibu kuziba mkimbio mmoja. Sasa ndipo ukingo uko wazi, na ndipo mtu hushawishika kupiga juu. Ukiweza kusukuma mpira polepole katikati yao ukapata mmoja kwenye wa tano, mwenzako anabaki na mpira mmoja tu. Kwenye wa sita, ndiyo bora zaidi, kwani ova ijayo unapokea wewe. Kabla ya kila mpira semezaneni: tunakimbia au hatukimbii. Wiketi nyingi za mwisho huanguka kwa sababu mmoja alikimbia na mwingine hakukimbia.

Ben Stokes wa Uingereza alifanya hivyo Headingley mwaka 2019 dhidi ya Australia, timu yake ikitafuta mikimbio 359 ya ushindi. Usiku wa siku ya tatu alikuwa na mikimbio 2 kutoka mipira 50. Alipobaki na Jack Leach wa mwisho waliongeza 76, na Leach alipokea mipira 17 tu na kupata mkimbio mmoja. Stokes alimaliza na 135 bila kutolewa. Kinachosahaulika ni kwamba katika awamu ya pili ya Australia alikuwa amerusha zaidi ya ova 24. Mzigo wa namna hiyo una bei. Julai 2022 aliacha mechi za ova 50, akarudi kwa Kombe la Dunia 2023, akafanyiwa upasuaji wa goti baada yake, kisha msuli wa nyuma ya paja ukachanika mara mbili mwaka 2024.

Kuhusu fedha, olraunda ana thamani kwa sababu anampa nahodha mtu wa kumi na mbili bila kuvunja sheria. Mnada wa IPL, ligi ya ova 20 ya India, umeonyesha hivyo: Chris Morris alinunuliwa kwa rupia milioni 162.5 mwaka 2021, Sam Curran kwa milioni 185 mwishoni mwa 2022. Msimu wa 2023 ligi hiyo ikaleta kanuni ya mchezaji wa kubadilishwa katikati ya mechi, na timu zikaweza kuweka mpigaji kamili kisha mrushaji kamili badala yake. Wachezaji wanaopiga na kurusha ova moja moja wakaacha kuitwa kurusha, na asiyerusha miezi miwili hunyauka. Mimi kanuni hiyo siipendi hata kidogo, kwa sababu inaua kipaji kinachochukua miaka 10 kukilea. Kwa mchezaji aliyeko huko, njia ni ile ile: neti, daftari, mkupuo mmoja mrefu kwa wiki.

Umri nao unataka mipango. Richard Hadlee wa New Zealand alifupisha mbio zake za kurushia, akabakiza mshono na shabaha, akafika wiketi 431 na kustaafu 1990 akiwa na miaka 39. Sobers alibadilisha mtindo ndani ya mechi: mpira mpya kwa kasi, mpira ukichakaa anageukia spini, ya vidole au ya kifundo cha mkono. Ova zake 39 hazikuwa zote za mgongo, na hapo ndipo siri yake ilipo. Imran Khan alihama mguu: alianza kama mrushaji, akamaliza kama mpigaji na nahodha. Fainali ya Kombe la Dunia 1992 mjini Melbourne aliingia namba 3 akiwa na miaka 39 na maumivu ya bega, akapiga 72, mikimbio mingi kuliko yeyote siku hiyo. Wasim Akram, Aqib Javed na Mushtaq Ahmed walirusha ova 10 kila mmoja. Yeye alijipa ova 6 na mipira 2, na mpira wa mwisho ndio ulioangusha wiketi ya mwisho ya Uingereza.